Watano wa Ain Rumana

Tunis, 4 Oktoba 2017

Kwa Mama Mdogo Mbarka,

Salamu nyingi, na mkono wako naubusu. Natumai barua itakukuta mzima, magoti yametulia, na yule mbuzi wako mkorofi ameacha kutafuna nguo kambani. Sisi hatujambo. Lutfi anakusalimu. Anasema mafuta ya zeituni uliyotuletea yamekwisha na mkate haumpiti tena kooni; nimemwambia aache udoezi kwa wakwe. Hedi wa teksi atakukabidhi sukari na dawa ya kuchua. Ninaandika kwa sababu mwenyewe umenifundisha: simu ni ya kuulizana "u hai?", neno zito linataka karatasi.

Neno langu ni hili. Nimepelekwa kitengo kipya hapa wizarani, cha takwimu za malezi ya watoto wadogo. Tunataka kujua, kijiji kwa kijiji: watoto wasiofika umri wa shule ni wangapi, nani anawaangalia mama zao wakiwa mashambani, wanakula nini, wanalala wapi mchana. Pasipo hesabu hakuna bajeti, mama. Kijiji kisichoonekana kwenye hesabu hakijengewi chekechea hata kikilia vipi.

Mwaka jana vijana wetu walifika Ain Rumana na vishikwambi vyao. Unajua walirudi na nini? Watano. Kila nyumba, watano. Bi Aljia mwenye wajukuu wa kumwaga: watano. Bibi harusi hata hina haijatoka viganjani: watano. Ofisini walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilijifanya naangalia dirishani.

Wewe ndiye unayelea watoto wa kijiji kizima chumbani kwako tangu mimi nikiwa shule. Wanawake watakusikiliza. Waambie timu ikirudi mwezi ujao waseme idadi ya kweli, na wewe useme hali ya chumba chako kama ilivyo, usipambe. Tukipata ukweli, nakuahidi chekechea ya serikali, yenye mwalimu, choo cha ndani na maziwa. Na hakuna jina litakalotoka nje ya ofisi. Sikuapii kwa kingine. Naapa kwa ziwa lako nililolinyonya mama yangu alipokuwa hoi kitandani.

Mwanao,
Widad


Ain Rumana, 13 Oktoba 2017

Widad mwanangu,

Alaykum salaam na rehema. Mimi mzima, magoti ndiyo yale yale, yana akili zao. Mbuzi amekula soksi ya Hedi mchana kweupe, na Hedi anataka umlipe wewe kwa sababu ndiwe uliyemtuma. Mwambie mkwe mafuta mapya hayajakamuliwa, avumilie, au aoe kinu cha mafuta.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara ilinikwama mahali pamoja.

Umesahau, au umejisahaulisha? Watoto hawahesabiwi kwa sauti. Mgeni akiuliza una wangapi, unamwonyesha kiganja, vidole vyote machoni pake, unasema watano. Hata kama huna hata mmoja. Si uongo ule, ni mlango. Jicho la mgeni hujui limetoka wapi na limekosa nini. Ndugu haambiwi watano, ndugu anajua. Wewe ulipokuwa mdogo nimekuhesabu hivyo hivyo mbele ya kila muuza vyungu, na ndiyo maana leo una afya ya kunituma kazi.

Na Dhahbia je? Wawili wamemfia, huyu Anis amempata baada ya machozi. Anamvalisha kigauni, kamtoboa sikio moja, akipita mtu barabarani anamwita "paka". Nimwambie huyo asimame mbele ya kijana mwenye kioo mkononi aseme "nina mmoja, wa kiume, anaitwa Anis"? Heri unitume nikamuombe figo.

Lakini nimekaa nikafikiri. Lori la shambani linawapitia mama zao kabla ya adhana ya alfajiri, wanarudi jua limezama. Watoto wananijaa mpaka kizingitini, na mimi sizidi kuwa kijana. Nikifa leo wanakwenda wapi? Chumba kina jiko moja la makaa, choo kiko nje, mvua ikinyesha tunanukia wote kama kondoo. Kama kweli hesabu inaleta chekechea, basi. Nitasema nao. Lakini Widad, wataniuliza ni neno la nani. Nitawaambia ni la mwanangu niliyemnyonyesha. Usinitie aibu.

Mamako,
Mbarka


Ain Rumana, 9 Novemba 2017

Widad mwanangu,

Salaam. Hedi anaoa, tena binti wa muuza samaki wa Sfax, tumechoka kumcheka. Mizeituni mwaka huu imebeba.

Kazi yako imefanyika. Nataka ujue ilivyofanyika, usije ukadhani ilikuwa ya kubonyeza kioo tu.

Nilianza kwenye tanuri la mkate, ndipo wote hukusanyika. Bi Aljia akasema, "Mbarka, umezeeka vibaya. Kwanza watahesabu watoto, halafu watahesabu kuku, halafu watakuja na gari kubwa." Nikamwambia aliyepo wizarani ni Widad wangu. Akasema, "Ni wako, au ni wa wizara?" Nikamjibu kwa ukali ambao sasa naujutia, yule ni mtu mzima.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilikunywa chai mpaka usingizi ukanikimbia. Siku ya timu walikuja wote uani kwangu, maana walisema wakihesabiwa, wahesabiwe mbele yangu. Bi Aljia alirusha chumvi kila mtoto alipotajwa, na chembe moja ikamwingia kijana wa kishikwambi jichoni. Dhahbia alikuja wa mwisho, amemfunika Anis kwa shali. Akaninong'oneza, "Unaniapia?" Nikamwapia. Kwa lile lile uliloniapia wewe. Akalifunua shali, akasema: "Mmoja. Wa kiume. Anis." Nami nikamshika mabega.

Mimi nami nilisema yangu yote. Chumba, makaa, choo, kwamba sina cheti ila cha darasa la sita. Yule kijana akasema, "Bi Hajati, wangekuwa wote wakweli kama wewe!" Nikafurahi kama mjinga.

Tuletee chekechea yetu.

Mbarka


Tunis, 20 Desemba 2017

Mama mpenzi,

Salamu za haraka haraka. Asida, uji wetu mzito wa Maulidi, mwaka huu nilipika mimi, ikashika masufuria. Lutfi aliila kwa heshima, maskini. Nakutumia shali ya sufu na penseli za rangi za watoto.

Mkurugenzi amefurahishwa mno na takwimu za Ain Rumana. Anasema hakuna eneo lingine lililotoa taarifa safi kiasi hicho. Ameniomba niziwasilishe mbele ya wakubwa, nami nimenunua koti jipya. Mambo mazuri yanakuja, mama, kuwa na subira. Kazi zimenizidi kichwa, nitaandika kwa utulivu siku nyingine.

Widad


Ain Rumana, 24 Januari 2018

Widad,

Salaam. Shali imefika, ni nzuri. Watoto walizigombania penseli siku moja tu, utajua sasa hivi kwa nini.

Jumatatu mkaguzi alifika kutoka mkoani na askari. Nilidhani ni watu wa chekechea. Nikawawekea maji ya chai! Yule bwana hakukaa. Alisimama mlangoni akasoma: chumba kimoja, watoto ishirini na watatu, jiko la makaa moja, choo nje, mlezi hana cheti. Hakuingia, wala hakumhesabu hata mtoto mmoja. Maneno yale nayajua. Niliyatamka mimi, kwa mpangilio ule ule, nimekaa juu ya kigoda changu uani.

Akasema natunza watoto bila kibali, ni kosa. Watoto wakatolewa nje kwenye baridi, wadogo wengine bado na uji mdomoni. Wamefunga mlango wa chumba na kuutia muhuri wa lakiri. Mimi nalala jikoni.

Jioni lori liliporudi, nilikuwa nimekaa nao njiani, nimewafunika kwa kila nguo niliyokuwa nayo. Wanawake wakashuka mmoja mmoja. Hakuna aliyenipigia kelele. Heri wangenipigia.

Yawezekana kuna kosa limetokea huko mkoani. Yawezekana mtu amechanganya karatasi. Wewe uko karibu nao, mwanangu. Sema na mtu. Kibali wanataka cheti na chumba cha pili. Cheti sina, lakini chumba naweza kujengewa na wanaume wa hapa, wakipewa muda tu. Nifungulieni kabla ya msimu wa mashamba kushika kasi. Watoto hawana pa kwenda. Nijibu na Hedi huyu huyu, atakungojea.

Mamako


Ain Rumana, 6 Mei 2018

Widad,

Salaam. Hedi alikungojea Januari, akaambiwa uko mkutanoni. Nikakuandikia tena Februari, hukujibu. Nikapiga simu, nikasikia imekatwa. Hedi ameshaoa na mkewe ana mimba, ndivyo muda ulivyokwenda.

Habari za hapa. Nesrin, binti wa Salha, ameacha shule kulea wadogo zake. Alikuwa anajua kusoma kuliko kaka zake wote. Wengine wanawafungia watoto ndani na kipande cha mkate. Mimi napita madirishani, naimba kidogo, wakinisikia wananyamaza. Ndiyo chekechea yetu.

Dhahbia alikuwa akimchukua Anis shambani. Wiki iliyopita alimlaza chini ya mzeituni akaenda mstari wa pili kupalilia viazi. Nge alikuwa kwenye shali, akamuuma. Mtoto alichukuliwa na lori la viazi mpaka hospitali ya mkoa. Amepona, alhamdulillahi. Lakini alikuwa ameanza kusema, anasema "maji", anasema "Baka", ndilo jina langu kinywani mwake. Sasa hasemi kitu. Anatazama tu.

Nilikwenda kumwona. Dhahbia alinifungulia mlango, akaniangalia, akanyoosha kiganja usoni kwangu, vidole vyote. Kwangu mimi, Widad! Mimi niliyemkata kitovu yule mtoto.

Nakuuliza mara moja, sitarudia. Mkaguzi ametajiwa mlango wangu na nani? Ni wewe?

Mbarka


Tunis, 21 Mei 2018

Mama Mdogo mpenzi,

Ramadhani njema, Mungu apokee funga yako. Nisamehe kwa kimya. Mwaka huu umenikimbiza: nimepandishwa cheo, nimesafiri nje kwa kongamano, na juu ya yote nina mimba! Inakwisha mwezi wa nane. Nilitaka nikwambie kwa mdomo wangu, lakini ndiyo hivyo.

Nimelia kwa ajili ya Anis. Kweli nimelia.

Kuhusu swali lako: si mimi, mama. Takwimu zikishafika mezani hupitia mikono mingi, na ofisi ya mkoa ina taratibu zake. Mimi ni mtu mdogo. Nawe tuwe wakweli: watoto wote wale, chumba kimoja, jiko la makaa katikati. Mmoja akianguka motoni, ungejisamehe? Sheria haikuwekwa kukukomoa wewe. Katika takwimu wakati mwingine hali hubidi ionekane mbaya kwanza, ndipo fedha zije.

Na fedha zinakuja. Awamu ya pili inaanza Juni, na vijiji vitakavyoonyesha upungufu mkubwa ndivyo vitakavyojengewa. Timu itarudi Ain Rumana. Tafadhali zungumza tena na wanawake. Na wewe mwenyewe nidokeze mapema: watoto wasio na wa kuwaangalia kwa sasa ni wangapi?

Kuna jingine, naomba usinikatalie. Hapa walezi ni wa kubahatisha, na vituo vizuri vimejaa hadi mwaka kesho. Siwezi kumwachia mwanangu mtu nisiyemjua. Njoo ukae nasi. Tumekutengea chumba chenye jua. Hakuna mtu ninayemwamini duniani kama wewe.

Mwanao,
Widad


Ain Rumana, 3 Juni 2018

Widad,

Salaam. Nimefunga, na aliyefunga hapambi maneno, kwa hiyo nitakwambia waziwazi.

Mwezi wa Februari, asubuhi, dereva wa lori alikuwa amefungua redio. Wanawake wako nyuma, wamebanana, pepo za baridi zinawachapa, na wewe ukawa unasema. Wewe. Salha aliijua sauti yako kabla hujatajwa jina. Waliporudi jioni walikuja wote kwenye kizingiti cha jikoni kwangu wakaniambia. Nikawafukuza. Nikamwambia Salha ulimi wake uoze. Nikasema mwanangu hawezi, mwanangu ni msomi, mwanangu ameapa.

Ijumaa kipindi kikarudiwa. Nilikuwa nakanda unga. Nilisikia kila neno.

Mtangazaji alikuuliza mlifanyaje kupata takwimu safi hivi kwa watu wagumu hivi. Ukacheka. Kicheko kile nakijua, ulikuwa unacheka hivyo ukiiba asali. Ukasema: "Hawa ukiwauliza wana watoto wangapi wanakuambia watano, wanaogopa jicho!" Mwenzio akacheka nawe. Ukasema: "Dawa yake ni kumtumia mtu wanayemwamini. Kule tulimpata mwanamke mmoja, mshirikina lakini mtiifu, akatufungulia milango yote. Na kituo chake chenyewe kilikuwa cha hatari, tukawakabidhi wenzetu wa mkoa wakifunge." Akakupongeza kwa ujasiri. Ukasema asante.

Mwanamke mmoja.

Ungesema mama yangu. Ungesema hata jirani yangu. Ulipotiwa mikononi mwangu, mchanga una homa, umekunjamana, huna hata nguvu ya kulia, mwanangu Jalal alikuwa na miezi mitatu. Nilikupa wewe ziwa la kulia lenye maziwa mengi, yeye nikampa la kushoto. Mamako, Mungu amrehemu, alinitazama kutoka kitandani akasema, "Umemwibia mwanao." Nikasema wote wanangu. Leo Jalal anachomelea vyuma Gafsa, kila Ijumaa anapiga simu. Aliyepewa ziwa zuri ndiye aliyeniuza redioni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilijua tangu Februari. Nilikuuliza mwezi wa tano ili nikupe nafasi, useme "ni mimi mama, nilikosa". Ningelia, ningekutukana, halafu ningekupikia. Ukaniandikia si mimi, na bado ukanitengea chumba chenye jua.

Umeniuliza ningejisamehe mtoto akianguka motoni. Hakuna aliyeanguka, miaka yote ile, kwa sababu nilikuwa nimekaa kati yao na moto. Makaa yangu ulikuwa unayajua tangu unatambaa. Kama yalikutisha, ungeniletea jiko la gesi.

Mshirikina, sawa. Mtiifu, hapo umesema kweli. Nilikutii.

Mbarka


Tunis, 30 Agosti 2018

Mama,

Sijui nianze na salamu gani. Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana. Mwezi wa Juni nilimtuma Lutfi, ukampa maji na mtindi, ukamuuliza habari za mama yake, ukamsindikiza hadi kwenye gari. Hukumtaja Widad hata kwa bahati mbaya. Amerudi anasema umempokea vizuri sana. Nimemwambia hajui alichokiona.

Nimejifungua wiki moja baada ya Idi Kubwa. Msichana, kilo tatu na nusu, nywele nyeusi tele. Kila muuguzi aliyepita alisema hajaona mtoto mzuri kama huyu. Tumemwita Mbarka.

Sikutaja jina lako redioni. Najua unasema ndilo kosa lenyewe. Mkurugenzi alikuwa mbele yangu nyuma ya kioo cha studio, ameniinulia kidole gumba, nami niliona haya kusema natoka huko. Sina zaidi ya hayo.

Sasa nisikilize, si kwa ajili yangu. Majibu ya awamu ya pili yameletwa mezani kwangu. Nyumba zote za Ain Rumana. Watano. Salha, watano. Dhahbia, watano. Hata Hedi, ambaye mkewe bado hajajifungua, watano. Watoto wasio na mlezi: watano. Watoto walioumia mwaka huu: watano. Nyumba yako, mama: watano. Ofisini wamecheka tena. Safari hii nilitoka nje nikaenda kusimama ngazini.

Fedha zipo. Naapa, safari hii zipo kweli, nimeona sahihi. Orodha inafungwa mwisho wa Septemba, na kijiji chenye majibu haya hakiingii. Mkurugenzi amekubali nikileta idadi ya kweli kutoka kwa mtu mmoja wa kuaminika, Ain Rumana itaingizwa. Mtu huyo ni wewe, hakuna mwingine. Niandikie idadi tu. Mstari mmoja. Usiponisamehe, usinisamehe, lakini usiwanyime watoto chekechea kwa hasira zako juu yangu.

Nao wako wapi mchana? Mkaguzi amepita Julai, anasema hakuona mtoto hata mmoja, wala madirishani, wala mashambani.

Na unijibu hili pia, nisilale macho wazi. Je, bado mimi ni mwanao?

Widad


Ain Rumana, 12 Septemba 2018

Kwa Bibi Widad, Ofisi ya Takwimu, Tunis.

Salaam alaykum. Tunatumai barua itakukuta salama pamoja na watu wa nyumbani kwako. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imenyesha. Chupa ya mafuta anayokuletea Hedi ni ya mumeo, alikula vizuri alipokuja.

Barua yako niliwasomea wanawake kwenye tanuri, yote, pamoja na mahali pa fedha, maana watoto ni wao na si wangu kuwaamulia. Nikaweka karatasi katikati nikawaambia: anayetaka kuhesabiwa aseme, nami nitaandika. Salha alitaka. Alifungua kinywa kabisa, nikaona anamfikiria Nesrin wake na shule. Halafu akamtazama Dhahbia. Dhahbia alikuwa amempakata Anis, amemtoa kigauni, amemnyoa. Hana haja tena ya kumficha, anasema jicho limeshamwona. Salha akafunga kinywa akageuza mikate. Mkate wake ulikuwa umeungua.

Kwa hiyo haya ndiyo majibu ya Ain Rumana, uyapeleke kunakohusika.

Umeuliza watoto wasio na wa kuwaangalia ni wangapi. Watano.

Umeuliza mchana wako wapi. Wako mahali. Kuna mlango na kuna mtu amekaa karibu na moto, na haupo kwenye ramani yenu. Anis jana aliomba maji. Usiulize aliyaomba kwa nani.

Mtoto wako Mungu amkuze. Usitaje kilo zake kwa watu, wala nywele. Mtie chumvi kidogo kwenye nguo, na anayekuuliza unao wangapi mwonyeshe kiganja, hata akiwa mkurugenzi. Hilo nakwambia kwa ajili yake, yeye hajamkosea mtu.

Na umeuliza kama wewe bado ni mwanangu. Nimezaa na nimenyonyesha, bibi, na wanangu nawajua.

Ni watano.

Mbarka